Sesilia Alivyonyamaza Wodini

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Kwa blanketi nashukuru, baridi ya huku kwetu haina adabu. Saa sijaielewa. Miaka yote niliyokimbizana na muda hamkunipa saa, mmenipa siku ambayo sina tena haraka ya kwenda popote. Haya, nimeitundika.

Mlitaka nisimame niseme neno la kazi, nikakataa. Kusimama mbele za watu siwezi, na shule yangu iliishia kwenye kusoma katekisimu na kuandika jina. Kuandika kwingine nilijifunza kazini, kwa kunakili maandishi ya kwenye chupa za dawa. Kwa hiyo nawaandikia taratibu nikiwa mezani kwangu, na mjukuu wangu atanyoosha herufi zilizopinda. Maneno asiyaguse.

Kilichonisukuma ni hiki. Katika siku zangu za mwisho pale kliniki alikuja mama mmoja anayetumia sindano ya kupanga uzazi. Akasema, "Dada, tangu nimeanza hii sindano moyo umekuwa mzito. Nalia ovyo. Mume akinisemesha natamani kumrushia mwiko." Mmoja wenu, simtaji, anajijua, akamjibu bila kuinua uso: "Mama, hayo ni mawazo yako tu." Yule mama akafunga mdomo, akavuta kitenge, akaondoka. Kufunga mdomo kwa namna ile nimekuona zamani, na najua kunakoelekea.

Jambo lingine niliseme mapema, msidhani bibi akistaafu anageuka malaika. Mimi ni mtu wa wivu. Nilianza kazi nao na nimestaafu nao. Hata ninyi nawaonea wivu. Mna vidonge na sindano, mwanamke anapanga uzazi na usiku analala kwa mumewe. Sisi tulianza kazi wakati uzazi ulipangwa kwa umbali, mume huku, mke kule.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado. Nilifika hospitali ya misheni, huko milimani Kilolo, peku, na kanga moja, nikapelekwa wodi ya wazazi kuwa mhudumu. Siku ya kwanza nilipewa beseni, ndoo na kipande cha sabuni, nikaambiwa nioshe mpira wa kitanda alichojifungulia mtu muda huo huo. Nikatapika kwenye ndoo. Mama Melania, mkunga mkuu wa Kiafrika pale, akaniambia, "Vizuri. Sasa osha na hiyo ndoo."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Alikuwa mkunga wa kijijini kabla misheni haijamchukua na kumwongezea ya kizungu. Alinifundisha kunawa mpaka kwenye kiwiko, kuchemsha mikasi mpaka mvuke unitoe machozi, kutomwambia mzazi "usilie" kwa sababu kilio si changu. Na shingoni alikuwa na pembe ya mti ya kusikilizia mtoto tumboni, aliyochongewa na fundi seremala wa Mafinga. Unaweka mdomo mpana kwenye tumbo, sikio kwenye ncha, unasikia moyo wa mtu ambaye hajazaliwa. Aliniruhusu mara chache. Alikuwa akisema, "Masikio yangu yakizeeka, pembe hii itakwenda kwa binti yangu." Mama Melania hakuzaa binti. Mimi nikajihesabu kuwa ndiye.

Akaja Subilaga.

Alishuka kwenye lori akitokea upande wa Mbeya, kule Tukuyu kwa Wanyakyusa, ana viatu, ana darasa la sita, ana mafunzo ya uuguzi. Kihehe hakijui. Akisalimiwa "Kamwene" anaitika "Ndaga" ya kwao, wazazi wanacheka mpaka wanashika matumbo, na kabla hawajamaliza kucheka wameshampenda. Mimi niliyezaliwa nao nikiingia wodini walikaa kimya kama ameingia karani wa kodi. Sikumaliza mwaka naye, Mama Melania akavua pembe, akamvisha Subilaga shingoni.

Nikamfuata jikoni. "Mama, mimi je?"

"Ana masikio mazuri yule mtoto."

"Na mimi nina nini, mashimo?"

Akanitazama akacheka. "Wewe una mikono, Yustina. Kachemshe maji."

Nikachemsha. Lakini tangu siku hiyo nilijua Subilaga amevaa soksi gani, ameitwa na nani, amepewa chai na maziwa au bila. Mwenye wivu halali kazini.

Sasa niwaeleze mila, maana ninyi wa mjini mnaijua kwa kuisikia. Mwanamke akishazaa hakutakiwa kulala na mumewe mpaka mtoto atembee na aweze kuagizwa kaa la moto kwa jirani. Wengi walirudi kwa mama zao. Wazazi wakikutana kabla ya hapo, watu walisema mtoto amebemendwa: anakonda, anaharisha, miguu inalegea, na kijiji kizima kinamtazama mama yake. Baba hatazamwi. Ili mimba nyingine isije mapema, bibi alimfunga mjukuu wake kigwe kiunoni, uzi wa gome wenye vipande vya mizizi. Kama kilizuia au hakikuzuia, mimi sisemi. Najua kwamba mwanamke mwenye kigwe alilala usingizi, na asiye nacho alikesha.

Sista wetu Mzungu alikuwa ameamuru vigwe vyote vikatwe mlangoni kwa mkasi, eti ni uchafu na ushirikina. Mama Melania akaitika "Ndiyo Sista", halafu akawa hakati. Alifungua fundo pole pole, akakiviringisha kigwe kwenye kipande kilichochanwa kutoka nguo ya mzazi mwenyewe, akakiweka kwenye kopo kubwa juu ya kabati. Siku ya kutoka, kila mtu anavishwa chake. Sista alijua. Hakuwa kipofu, ila alikuwa na akili ya kuchagua siku za kuwa kipofu.

Subilaga akalikuta kopo. Kwao mambo ya uzazi yana njia nyingine, na hakuna aliyemweleza. Aliona nyuzi chafu na matambara. Matambara akayapeleka kwa dobi. Vigwe akavichemsha pamoja na mikasi.

Niliporudi kutoka kuchota maji nilivikuta vimeanikwa kwenye kamba, vyeupe kama tambi, hakijulikani cha nani. Mama Melania alikaa kwenye kiti, akasema neno moja tu, "Mwanangu." Tukavigawa kwa kukisia. Wengi hawakugundua.

Sesilia aligundua. Alikuwa binti wa pale pale Kilolo, mzao wake wa kwanza, mtoto wa kiume mzuri. Bibi yake alifunga mafundo kwa mkono wa kushoto. Akashika kigwe tulichompa, akakizungusha vidoleni. "Hiki si changu."

"Vyote ni sawa, dada," Subilaga akasema.

Sesilia akatutazama wote. Akavaa, akaondoka na mama yake.

Alirudishwa kwetu, mtoto akiwa ameanza kukaza shingo. Mama yake ndiye aliyembeba mtoto, Sesilia akifuata nyuma kama kondoo aliyenyeshewa. Hasemi. Haogi. Ukimpa uji anaushika mpaka unapoa. Matiti yamejaa, yanamchuruzika, lakini mtoto akiletwa anageuka ukutani na kuweka mikono yake chini ya mapaja, anaikalia. Mama yake akapiga kelele wodi nzima isikie: "Ninyi! Mlimfunga kigwe cha mwanamke mwingine! Mmemvuruga mtoto wangu!"

Na mimi nikasema kwa sauti, "Si mimi, mama. Aliyechemsha yupo." Subilaga akaenda kulia kwenye stoo ya shuka. Siku hiyo nilikula kwa raha.

Aliletwa yule bibi wa mkono wa kushoto, akafunga kigwe kipya, mafundo yake mwenyewe, dua zake mwenyewe, Sista akiwa ameamua tena kutoona. Tukasubiri. Sesilia akabaki vile vile ukutani. Kumbe kigwe hakikuwa na neno.

Sista akakata shauri. Lori la mbao linalokwenda na kurudi Mafinga lilikuwa likija kila baada ya siku chache. Safari itakayofuata, kama Sesilia hajasema na hajanyonyesha, atapandishwa, atafikishwa Iringa, kisha apelekwe mbali kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Mtoto atachukuliwa na mama wa mumewe, akalelewe kwa maziwa ya ng'ombe. Sote tulijua maana ya mtoto mdogo vile na maziwa ya ng'ombe, kwenye kijiji chenye kisima kimoja. Na tuliowapandisha kwenye lile lori, sikuwahi kumpokea hata mmoja akirudi.

Mama Melania akanipa kazi: ziwa lisikauke. "Akili ikirudi ikakuta ziwa limekauka, tumepoteza wawili." Basi kila mara nilikanda matiti ya Sesilia kwa kitambaa cha maji ya moto, kutoka pembeni kuja mbele, nakamua kwenye kikombe kilichochemshwa, tunamnywesha mtoto kwa kijiko. Mnaocheka kazi ya mikono, jaribuni kumkamua mwanamke asiyewatazama. Yeye anatazama ukuta, mimi natazama dirisha, nasikiliza kama kuna mlio wa lori.

Asubuhi moja nikiwa katikati ya kazi hiyo, Subilaga akaingia na pembe yake shingoni, aende kitanda cha pili kumsikiliza mjamzito. "Dada Yustina," akasema kwa upole wake ule, "nisaidie kumgeuza mama huyu."

Sijui ilikuwa upole au ilikuwa pembe. Nikapasuka.

"Mgeuze mwenyewe! Si una masikio mazuri? Umekuja hapa na viatu vyako, umekuta mtu amefua mipira ya kitanda mpaka kucha zimetoka, ukachukua kila kitu! Mama Melania wako, wazazi wako, chai ya maziwa yako! Hata hicho kilichoko shingoni nilikuwa nakingoja mimi!"

Subilaga amesimama mdomo wazi. Na chini ya mikono yangu sauti ikatoka, kavu kama mlango usiofunguliwa siku nyingi:

"Amekuchukulia mume?"

Nikamtazama Sesilia. Alikuwa ameugeuza uso kutoka ukutani.

"Hapana," nikasema. "Pembe."

"Pembe ya ng'ombe?"

"Ya kusikilizia watoto."

Akafikiri. "Afadhali wewe. Chako unakiona shingoni mwa mtu. Changu kinalala kitandani kwangu, na mimi niko kwa mama yangu nimekaa na kigwe."

Subilaga alitaka kusogea, nikamwonyesha kwa jicho asimame pale pale. Sesilia akasema yote, macho yakiwa kwangu. Wifi yake ndiye aliyemletea habari. Luka, mumewe, amemwingiza ndani binti wa Nyololo aliyekuwa anauza ulanzi, pombe ya mianzi, njiani. Si nyumba ya pembeni, ni nyumba ile ile, aliyoikandika Sesilia mwenyewe akiwa na mimba, akaipaka udongo mweupe mpaka juu.

"Nikirudi kwangu wakati huu, watu watasema nimembemenda mtoto. Nikikaa kwa mama mpaka atembee, nyumba imekwenda. Nikimwangalia huyu mtoto naona ndiye aliyenifungia mlango." Akavuta pumzi. "Mtoto amekosa nini? Lakini naona hivyo. Nikaogopa nitamfanya kitu. Ndiyo maana mikono naikalia."

Nikasema lililonijia. "Mimi huyu Subilaga nimeshamwombea aanguke na lori. Bado anatembea. Wivu hauui mtu, Sesilia. Ungekuwa unaua, huyu tungekuwa tumemzika."

Subilaga akasema, "Asante, dada," na Sesilia akatoa kitu kama kikohozi. Kilikuwa kicheko. Kisha akalia, kilio kirefu cha kawaida, na kilipokwisha akatoa mikono chini ya mapaja, akaitazama pande zote mbili. "Mleteni. Lakini msiniache naye peke yangu."

Tulikaa mmoja kila upande. Mtoto alinyonya kama mtu aliyekuwa anadai.

Lori likaja siku ile ile, likajaa mbao, dereva akapiga honi. Sista akasema kunyonyesha mara moja si kupona, karatasi zimeshaandikwa. Hapo nilimwona Subilaga, msichana wa kulia kwenye stoo ya shuka, akisimama mlangoni mbele ya Mzungu. "Sista, likipita hili lori, lingine litakuja. Akipita yeye, harudi. Leo amesema. Mimi nitalala naye wodini." Hatoki mlangoni. Lori likaondoka na mbao zake. Na mimi nikaona wivu upya, kwa sababu maneno yale nilikuwa nayo mdomoni, na yeye ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kuyatoa.

Mama Melania akatuma watu wamwite Luka. Akaja na mama yake, kofia mkononi, ananukia ulanzi. Wakakalishwa barazani pamoja na mama yake Sesilia.

"Mila inasema nikae mbali na mke," Luka akaanza. "Nimekaa mbali. Kosa langu ni lipi?"

"Mila ilikuambia ukae mbali," Mama Melania akasema. "Ilikuambia uweke mtu kwenye kitanda chake?"

"Mwanamume hawezi kukaa miaka..."

"Mwanamke anaweza? Yeye ni gogo?"

Mama yake Luka akaangalia chini. Nadhani alikumbuka yake.

Sesilia alitoka wodini mwenyewe, mtoto mgongoni. Hakumtazama mumewe, alimtazama mama mkwe. "Mama, nataka nyumba yangu. Huyo mwingine, mwanao akitaka kumjengea, amjengee kwingine. Mtoto nitamnyonyesha ndani ya nyumba yangu."

Mama yake mzazi akaruka. "Utambemenda!"

"Mama mkwe atalala ndani nami mpaka mtoto atembee. Luka akilala kwingine, mila imepungukiwa nini? Na mkiona haitoshi, nifungeni vigwe mpaka kwapani."

Yule mama mkwe akaokota fimbo yake, akainuka. "Mimi nakoroma," akamwambia Sesilia. "Usije ukaleta mashtaka." Akamgeukia mwanawe: "Na wewe, tangulia ukamwambie mgeni wako afungashe. Tusimkute."

Ndivyo alivyokwenda nyumbani. Msidhani mambo yaliisha pale. Binti wa Nyololo alijengewa nyumba ng'ambo ya mto, akazaa, na Sesilia aliishi akiuona moshi wake kila jioni. Alipojifungua tena giza lilirudi, ila safari hiyo alikuja kutuambia mwenyewe kabla ya kuanza kuikalia mikono. Mtoto wake wa kwanza alikua, akawa mrefu kuliko baba yake.

Miaka ikapita, uhuru ukaja, Mama Melania akafariki, mimi na Subilaga tukahamia Iringa mjini, yeye msimamizi wa kliniki, mimi kwenye beseni. Vidonge vya uzazi vilipofika, Sesilia alikuwa wa kwanza kushuka kutoka Kilolo kuvifuata. Alisema angevipata zamani angelala kwenye kitanda chake. Baada ya muda akarudi, uso umekunjamana. "Vinanizuia mimba, ndiyo. Lakini lile giza nalihisi linakuja, na safari hii sijazaa." Muuguzi wa zamu akamwambia yale yale aliyosema mmoja wenu mwaka huu. Nikaona mdomo wake unaanza kufunga. Nikamshika mkono, nikampeleka kwa Subilaga.

Subilaga hakumwambia anajua, maana hakuna aliyejua sana wakati ule. Alimwambia, "Nakuamini. Acha vidonge, tutafute njia nyingine, na uje unieleze." Akaacha, akawekewa kitanzi. Mwezi uliofuata na mwingine baada yake nilimsikia akicheka kwenye benchi la nje kabla sijamwona.

Hiyo ndiyo kazi, wasichana. Dawa mnazo, tena nzuri, na wengi zinawafaa bila tatizo lolote. Lakini atakayekuja kuwaambia kichwa chake kimebadilika, yeye ndiye anayekaa humo kichwani, ninyi mko nje. Inueni uso. Mwulizeni tangu lini, nyumbani kukoje, mtoto ananyonya. Mbadilishieni njia. Msimpe sababu ya kunyamaza.

Sesilia alileta kuku wa shukrani, jogoo mwekundu, amefungwa miguu kwa ukili. Akapita mbele yangu naye, akampa Subilaga. Nikashindwa kujizuia, nikamfuata mpaka getini. "Sesilia, ziwa lako nililikamua mimi. Leo kuku anakwenda kwa mwenye ofisi?"

Akacheka. "Dada Yustina, wewe siku nilipoacha kunyamaza nilikupa neno langu la kwanza. Yeye nimpe nini? Sikuwa na kingine zaidi ya kuku."

Nilirudi ndani nikamnyonyoa yule jogoo, kwa sababu Subilaga kunyonyoa hajui. Alikuwa mnono kweli. Naelewa alichosema Sesilia, nimekielewa miaka yote hii. Lakini Subilaga alikula mapaja yote mawili.